Besi mbili kwenye jukwaa moja: kisa cha bendi ya baa pale Sinza

Kisa hiki kinahusu bendi ndogo inayopiga Ijumaa usiku na bonanza la Jumapili katika baa moja ya Sinza, pamoja na mpiga besi wa ridhaa aliyejiunga nayo. Wiki chache tu baada ya kijana huyo kuingia, wateja waliacha kucheza, meneja akaanza kulalamika, na nusu ya wanabendi wakataka aondolewe. Hakuondolewa. Ninakiandika kwa sababu mambo ya namna hii yanaua bendi nyingi za baa Dar es Salaam, na karibu kila mara anayebebeshwa lawama ni mtu wa besi wakati chanzo kiko kwingine kabisa. Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi hiyo na ndiye mtunza fedha wake, kwa hiyo hesabu zote zinapita mikononi mwangu. Majina ya watu na ya baa nimeyaacha.

Kabla ya kijana kuja tulikuwa watano: kinanda, solo, ngoma na waimbaji wawili, mmoja wao mwanamama ambaye wote tunamwita dada. Mpiga kinanda ni mzee aliyewahi kupiga kwenye bendi kubwa za dansi miaka ya themanini. Vyombo ni vyake: kinanda, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), maiki, na spika mbili za inchi 15 zinazokaa juu ya stendi. Mpiga besi hatukuwa naye. Mzee alikuwa akiibeba besi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukipiga nyimbo.

Mpangilio huu ndio wa kawaida kwenye baa za mjini leo, kuanzia Sinza na Kijitonyama hadi Tabata na Mbagala. Mwenye baa anataka watu wachache, na kinanda chenye biti kinaweza kusimama badala ya ngoma, besi na tarumbeta kwa pamoja. Mkono wa kushoto haudai nauli wala sahani ya nyama. Ndiyo maana vijana wanaojifunza gitaa hukimbilia solo, na mpiga besi mzuri akipatikana hugombewa na bendi tatu.

Haikuwa hivi zamani, na tofauti yenyewe inahusu fedha zaidi kuliko ladha ya muziki. NUTA Jazz, iliyozaliwa 1964 na ambayo wengi wanaijua leo kama Msondo Ngoma, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, wana Sikinde walioanza 1978, baadaye walimilikiwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya taasisi na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mpiga besi alipoingia kwenye bendi ya aina hiyo, mshahara wake ulitoka kwa mwajiri, haukukatwa kwenye mfuko wa mpiga kinanda. Kwenye bendi ya baa mambo ni kinyume. Kila anayeongezeka anagawana kilichopo. Hili msomaji alishike, maana nitalirudia.

Kijana aliyetujia anauza spea za magari kwenye duka moja la eneo la Gerezani, karibu na Kariakoo, na anakaa Tabata. Besi alijifunzia kwaya ya kanisani. Alikuja mazoezini na gitaa lake la nyuzi nne, akasalimia kila mtu kwa umri wake, akapiga nyimbo mbili za zilipendwa bila kukosea. Tulipofika kwenye malipo alisema, "Mimi mnipe nauli tu, kaka. Nataka jukwaa."

Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi. Mtu anayepewa nauli tu si mwenzenu, ni mgeni wenu. Atakuja akijisikia, na siku mkikosana hatakuwa na cha kupoteza. Kwamba ana kazi nyingine mchana hakupunguzi jasho lake usiku. Tukakubaliana apate fungu sawa na wengine.

Dalili

Anayejua muziki wetu wa dansi anajua wimbo una sehemu mbili. Kwanza mashairi na kiitikio, taratibu, watu wanasikiliza au wanacheza wakiwa wamekumbatiana. Halafu linakuja chemko: waimbaji wanapumzika, magitaa yanashikana, ngoma inapanda, na hapo ndipo hata aliyekuwa akila anaacha kongoro lake na kuinuka. Chemko ndilo linalouza bia. Meneja anajua hivyo, na sisi tunajua.

Kwetu ikawa kinyume. Watu wanasimama kwenye mashairi, chemko likifika wanarudi kwenye viti. Haikutokea Ijumaa moja tu. Ilizidi kila wiki. Meneja akanivuta pembeni: "Kaka, muziki wenu umekuwa mzito. Watu wanakula tu, hawachezi. Na huku nyuma majirani wameanza kusema, mimi sitaki barua ya NEMC, wale wa mazingira." Yule wa nyama choma aliniambia kwamba pale kwenye jiko lake anasikia mngurumo, lakini hawezi kujua ni wimbo gani unaopigwa hadi waimbaji waanze. Maneno yake ndiyo yaliyonisaidia kuliko ya mwingine yeyote.

Mlinzi alinionyesha jambo la pili. Nyuma ya kaunta kuna kreti za chupa tupu, na kila tulipoingia chemko chupa zilianza kulia, ting'i-ting'i, mfululizo, bila kupumzika. Hilo la kutopumzika sikulipa uzito siku ile.

Ndani ya bendi kila mtu alikuwa na jibu lake. Mpiga ngoma alisema kijana hana mkono wa dansi, ana mkono wa kanisa. Mwimbaji wa kiume alisema spika ni ndogo, tununue sabufa. Dada alisema tatizo ni sauti kubwa kupita kiasi. Mzee hakusema kitu.

Tulichokipima

Jumatano moja tulikwenda baa kabla ya wateja, tukapiga wimbo mmoja wa rumba tena na tena, kila safari tukibadilisha jambo moja. Mimi niliacha gitaa nikaenda kusimama kwenye jiko la nyama choma. Sikutumia simu kurekodi, na nashauri mwingine yeyote asiitumie kwa kazi hii. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti hiyo; unachosikia kwenye simu ni sauti za juu zinazoambatana nayo. Bendi inaweza kusikika safi kwenye simu huku ukumbini ni vurugu.

Kwanza kijana alinyamaza, mzee akapiga kama alivyozoea. Muziki ulisikika mwembamba kidogo, lakini mapigo yalikuwa wazi. Halafu wakapiga wote. Mngurumo ukarudi, chupa zikaanza kulia. Mwisho nikamwomba mzee aweke mkono wa kushoto chini, kijana apige peke yake. Kutoka kule jikoni nilisikia kila noti ya besi, nikasikia na gitaa langu ambalo safari ile alilishika mwimbaji, nikasikia hata kengele ya mpiga ngoma ambayo sikuwa nimeisikia wiki nzima. Chupa zililia na kunyamaza, zikalia na kunyamaza, zikifuata wimbo.

Kwa hiyo kijana hakuwa mbovu, na spika hazikuwa tatizo la kwanza. Tulikuwa na besi mbili.

Nifafanue inavyotokea, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Besi ya rumba haipigwi kila pigo. Inatoa noti tatu nne, inanyamaza, na kwenye ule unyamavu tumba au ngoma inajibu na gitaa linapita. Muziki wa dansi umejengwa hivyo: kila gitaa linaacha nafasi na lingine linaijaza. Mkono wa kushoto wa mzee haukuwa na anasa ya kunyamaza. Kwa miaka yote hiyo hakukuwa na mtu mwingine chini, kwa hiyo alijaza kila pigo, noti ya kwanza na ya tano, ya kwanza na ya tano, ili wimbo usibomoke. Hiyo ilikuwa kazi sahihi kwa bendi ya watu watano. Kijana alipoingia, kila nafasi aliyoiacha yeye, mzee aliijaza. Chini hakukuwa na shimo hata moja, na mchezaji wa chemko anacheza kwenye mashimo.

Juu ya hapo walikuwa wakigongana noti zile zile. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa C, kijana anabana freti ya tatu kwenye uzi wa A, mitetemo 65 kwa sekunde, na mzee anabonyeza C hiyo hiyo. Kinanda hakishuki sauti kamwe. Nyuzi za chuma zinalegea zikipata joto, na jukwaa letu liko chini ya mabati. Besi ikishuka hata nusu mtetemo tu chini ya kinanda, noti ndefu inavimba na kunywea mara moja kila sekunde mbili. Sikio la mteja haliwezi kukwambia hilo, linasema tu muziki ni mzito.

Spika nazo ziliongeza. Kijana hakuwa na amplifaya, alichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, kwa hiyo besi yake, besi ya mzee, na sauti za waimbaji vyote vilitoka kwenye spika mbili zile zile. Moja ilikuwa imebanwa kwenye kona, na kona ya ukuta wa saruji hukuza sauti za chini. Wimbi la ule uzi mnene lina urefu wa zaidi ya mita nane, linakaribia kutoka jukwaani hadi kaunta. Ndiyo maana ukisimama mahali fulani besi inakupiga kifuani, ukisogea hatua chache inapotea, na ndiyo maana jirani nyuma ya ukuta anasikia besi tu.

Lakini swali halikuishia hapo. Mzee ana sikio kuliko sisi sote. Kwa nini hakuacha mkono wa kushoto mwenyewe, tangu siku ya kwanza?

Hesabu

Baa ilikuwa ikitulipa shilingi 210,000 kwa usiku. Tulikuwa tukizigawa mafungu sita, watu watano na fungu moja la vyombo, ambalo ni la mzee. Kila fungu 35,000. Mzee, akiwa na mafungu mawili, aliondoka na 70,000. Kijana alipoingia yakawa mafungu saba, kila moja 30,000. Sisi wengine tulipoteza 5,000 kwa usiku. Mzee alipoteza 10,000, maana yake 20,000 kwa wiki, na sisi ndio tuliomtaka pia aache nusu ya upigaji wake.

Hakuna aliyemwambia hilo kwa maneno hayo, lakini ndivyo ilivyokuwa kwenye daftari. Kila aliyelalamika kwamba kijana hana mkono wa dansi alikuwa pia amepungukiwa na 5,000. Sisemi walidanganya. Nasema ukiwa umepungukiwa, ubaya wa mwenzako unausikia haraka zaidi. Na kijana mwenyewe hakuwa akitajirika: 30,000, toa bajaji ya usiku wa manane kurudi Tabata na gitaa mgongoni, karibu theluthi imekwenda. Tunza ndiyo kabisa haikumfikia. Mteja akifurahi anakuja mbele, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, mwimbaji analitaja jina lake kwenye maiki. Aliyesimama nyuma karibu na ngoma haonekani.

Kikao

Tulikaa siku ile ile, viti vikiwa bado vimepinduliwa mezani. Nilisoma hesabu kwanza, kabla ya kuzungumzia muziki. Mzee alisikiliza akiwa anafuta vumbi kwenye kinanda.

"Kijana wangu," akasema, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini mkono huu ndio uliobeba bendi hii mpaka leo. Nikiuweka mapajani, meneja ataniona napiga nusu kazi. Na hela ndiyo hiyo imeshapungua."

Kijana alijibu taratibu. "Mzee wangu, mimi nakufuata wewe. Ukibonyeza ndipo na mimi nabonyeza. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

"Nani alikwambia unifuate?"

"Kwaya, mzee. Tulifundishwa kusikiliza mkono wa kushoto wa kinanda na kuufuata."

Hapo mengi yalifunguka. Kijana alikuwa akimsubiri mzee kwa kila noti aliyoipiga yeye, kwa hiyo alifika nyuma yake kidogo, kila mara. Mzee, akisikia besi inachelewa, alizidisha nguvu ili kushika wimbo. Kijana, akisikia mzee anazidisha, naye akazidisha sauti ili amfuate vizuri. Watu wawili wenye adabu, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake, walikuwa wakiua chemko.

Njia ya kutoka aliipata dada, na ilikuwa ya kimuziki. "Mzee, hizi nyimbo zina matarumbeta. Wewe ulikuwepo zikipigwa. Mbona sisi hatuyapigi?" Mzee akasema angeyapigaje na mkono mmoja. Akanyamaza, akaangalia mkono wake wa kushoto, akawasha kinanda. Alitafuta sauti ya tarumbeta na ya saksafoni, akazigawa mikono miwili, akapiga mwito wa tarumbeta wa wimbo mmoja wa zamani na saksafoni ikiitikia chini yake. Mpiga ngoma, yule yule aliyetaka kijana aondoke, aliacha alichokuwa akifanya na kwenda kukaa kwenye ngoma zake.

Tulikubaliana hivi. Kwenye zilipendwa na rumba, chini ni kwa kijana peke yake, mzee ana mikono miwili ya tarumbeta, na kijana hamfuati mzee bali mguu wa mpiga ngoma. Kwenye nyimbo za bongo fleva ambazo biti yake tayari ina besi ndani, kijana anaweka gitaa kwenye stendi na kuingia kwenye kiitikio. Tunza zote, hata zilizobandikwa usoni, zinaingia kapuni na kugawanywa mwisho wa usiku. Mwimbaji wa kiume alipinga hili hadi dakika ya mwisho, na namwelewa, yeye ndiye aliyekuwa akipata zaidi. Dada, ambaye naye alikuwa akipoteza, ndiye aliyemshawishi.

Spika tuliiondoa kwenye kona. Kwenye mikisa tulipunguza sauti za chini kwenye maiki zote za waimbaji, maana hakuna mwimbaji anayezihitaji huko. Kijana akaazima amplifaya ya besi kwa fundi mmoja wa Mwananyamala, na ajabu ni kwamba sasa anapiga kwa sauti ndogo kuliko zamani na anasikika zaidi.

Pesa ya Ijumaa meneja alikataa katakata kuiongeza. Ya Jumapili, baada ya kuona bonanza limeanza kujaa, aliipandisha hadi 230,000. Mafungu saba ya 32,000, na 6,000 inayobaki inakwenda kwenye nyuzi na waya. Kapu la tunza limefidia zaidi kuliko nyongeza ya meneja, hasa wiki za mishahara.

Kuna waliosema baadaye kwamba ingekuwa rahisi kumtoa kijana na kubaki na mkono wa kushoto. Ingekuwa rahisi, kweli. Tungebaki na bendi isiyoweza kupiga tarumbeta za nyimbo zake yenyewe, na mzee angeendelea kufanya kazi ya watu wawili katika umri ule. Wengine walisema tutafute mpiga besi mzoefu. Mzoefu angefanya nini tofauti pale chini, kama mkono wa kushoto ungebaki palepale?

Yaliyobaki ni mawili. Amplifaya bado ni ya kuazima, na fundi anaitaka. Ninaona iwe ya bendi, inunuliwe kutoka kapuni, isiwe ya kijana, ili siku akiondoka asiondoke na chini yote. Wenzangu wengi wanaona kijana ajinunulie, kwa kuwa gitaa ni lake.

La pili ni gumu zaidi. Mwisho wa mwezi dukani kwao Gerezani wanahesabu mali, na Ijumaa hiyo kijana hawezi kuja. Usiku huo tunapiga orodha nyingine ya nyimbo na mkono wa kushoto wa mzee unarudi kazini. Niliamua fungu la kijana la usiku huo apewe mzee lote, si kugawanywa kwa wote, kwa kuwa kazi ya besi ameifanya yeye. Mpiga ngoma na mwimbaji wa kiume hawajakubali, na suala hilo ndilo la kwanza kwenye kikao kijacho.